Hendibreki Haikuwa na Hatia

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami leo nimeamua kulitoa hadharani jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa siri ya nyumba yangu na ya mzee mmoja, fundi wa magari, aliyekuwa akifanyia kazi yake kando ya Kenyatta Market hapa Nairobi. Ni habari ya breki iliyoshika ikakataa kuachia. Lakini zaidi ya breki, msomaji mpendwa, ni habari ya mwanamume aliyemhukumu mkewe kabla ya kusikiliza ushahidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1998. Mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia, zilikuwa zimezichimba barabara mashimo ya kumeza gurudumu zima. Tulikuwa tukiishi mtaa wa Ngumo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja mjini, na mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kawangware. Tulikuwa na watoto wawili, na gari letu, Toyota Corolla kuukuu niliyoinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, lilikuwa kama mtoto wa tatu. Nililiosha kila Jumamosi, na sikupenda mtu mwingine aliguse.

Mwezi wa Desemba nilikuwa nimelipeleka katika gereji moja ya Industrial Area likabadilishwe pedi za breki za mbele, kwani za zamani zilikuwa zimelika na kuanza kupiga mayowe. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikisoma gazeti huku kijana akifungua magurudumu. Nakumbuka niliinua macho mara moja tu, nikaliona koleo la breki, yaani kile chuma kizito kinachozibana pedi dhidi ya diski, likining'inia kwa mpira wake kama mbuzi aliyechinjwa. Nikarudia gazeti langu. Naomba uliweke jambo hilo akilini, kwani tutalirudia.

Januari mke wangu akafaulu mtihani wa udereva. Tulikubaliana kwamba siku za Jumanne na Alhamisi atalichukua gari aende nalo kazini pamoja na watoto, ambao walikuwa wakisoma katika shule hiyo hiyo aliyofundisha. Nilikubali kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa kama mtu aliyeazima viatu vyake vya harusi.

"Baba watoto," aliniambia Alhamisi moja jioni, "gari hili linanivuta upande wa kushoto. Nikilegeza mkono kidogo tu, linataka kwenda mtaroni."

Nilicheka. Nikamwambia kwamba gari halimvuti, bali ni yeye ambaye hajajua kushika usukani. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba petroli inaisha upesi kuliko kawaida. Hilo pia nililiandika katika daftari la makosa yake.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mwezi wa Februari. Alikuwa amekwenda Ngong na watoto kumwona mama yake. Jioni, jirani mwenye simu akabisha hodi, akaniambia mke wangu amepiga kutoka duka moja la Bulbul na kwamba gari limekwama. Nilidandia matatu, nikafika jua likizama. Watoto walikuwa wameketi nyasini wakila mahindi ya kuchoma. Mama yao alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kifuani.

Alinieleza kwamba walipokuwa wakiteremka kutoka Ngong alikanyaga breki, pedali ikazama karibu ifike sakafuni, kama mtu anayekanyaga tope. Akaikanyaga tena na tena. Akarudisha gia hadi ya tatu, kisha ya pili, halafu akaivuta hendibreki kidogo kidogo mpaka gari likasimama kando ya barabara.

Unadhani nilimpa pole? Nilifungua mlango nikaiona hendibreki imevutwa hadi juu. Kijana mmoja muuza mahindi akaongeza kwamba gurudumu lilikuwa likitoa moshi. Basi, kwangu mimi kesi ikawa imekwisha.

"Umetoka Ngong hadi hapa na hendibreki juu!" nilifoka, mbele ya watoto na wauza mahindi. "Unataka kuniulia watoto?"

"Niliivuta ili tusimame," alijibu kwa sauti ya chini.

Sikumsikia, au tuseme sikutaka kumsikia. Kufikia wakati huo gari lilikuwa limepoa, na nilipoikanyaga pedali niliikuta ngumu kama kawaida. Niliendesha polepole hadi nyumbani bila tatizo, jambo ambalo nililihesabu kuwa ushahidi mwingine dhidi yake. Tulipofika sikujisumbua hata kuinama kuliangalia gurudumu. Usiku huo aliziweka funguo juu ya kabati la redio, akasema, "Gari ni lako." Kuanzia Jumatatu aliamka alfajiri akawashika watoto mkono, wakawa wanakanyaga matope hadi Ngong Road kupanda matatu. Mimi nilipita na gari langu nikiwa peke yangu.

Hazikupita wiki mbili kabla ya gari kuanza kunionyesha mimi mwenyewe vituko vyake. Siku moja karibu na Adams Arcade nilisikia harufu kali, kama ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na joto la kutosha kukaangia yai. Je, nilimwendea mke wangu nikamwomba radhi? Hapana. Nilijiambia kwamba siku ile ya Bulbul aliharibu kitu, na sasa nalipa mimi. Fundi mmoja akaniambia koleo limekufa. Nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wengi hadi leo huiita Grogan, nikanunua koleo kuukuu kwa shilingi 2,800. Fedha hizo nilizitoa katika karo ya watoto. Baada ya siku nne gurudumu likapata moto tena.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mke wangu alitaka kusukwa nywele. Wakazi wa Nairobi wanaijua Kenyatta Market kwa mambo mawili: nyama choma na wasusi. Ukifika tu, wasichana wenye vitana na mafungu ya nywele mikononi hukuzingira wakikuita kwa upole na kukushika mkono, huku moshi wa nyama ukikuvuta upande wa pili. Alikuwa na nia ya kwenda kwa miguu. Nilimwambia nitampeleka kwa gari, nikiwa na shughuli upande wa Langata Road kwanza. Labda dhamiri ilikuwa imeanza kuniuma kidogo. Alikaa kando yangu bila kusema neno.

Tulipoegesha gari nilisikia harufu ya kuungua, nikajidanganya kwamba ni nyama ya mtu imeachwa makaani. Mke wangu alishuka, akaliangalia gurudumu la kushoto, akaiangalia hendibreki iliyokuwa chini kabisa, kisha akaniangalia mimi. Akaenda zake kusukwa.

Mzee mmoja mwenye ovaroli iliyopoteza rangi alikuwa amechutama chini ya Datsun pikapu hatua chache kutoka pale. Alinusa hewa, akanyanyuka.

"Kijana, hiyo si nyama," aliniambia. "Hiyo ni pedi."

Nilipotaka kwenda kutafuta maji ya kumwagia gurudumu alinizuia. Diski yenye moto ikimwagiwa maji baridi, alisema, inaweza kupinda, na utakuwa umeongeza gharama juu ya gharama. Badala yake alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa na vuguvugu la kawaida. La mbele kushoto lilimfanya aurudishe mkono haraka.

"Limeanza lini?" aliuliza. "Linavuta upande gani? Likikaa likapoa, linaachia?"

Nilimjibu kwamba tulianza kuona dalili mwezi wa Januari, kwamba linavuta kushoto, na kwamba likikaa saa moja hivi huwa sawa tena. Nilijisikia nikitamka maneno ya mke wangu yale yale niliyoyacheka. Hata hivyo, kiburi ni ugonjwa usiopona kwa siku moja.

"Mzee," niliongeza, kwa sauti ya mtu anayetafuta wa kumuunga mkono, "nadhani mama watoto ndiye aliyeliharibu. Aliliendesha na hendibreki juu."

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa. "Hendibreki ya gari hili hushika magurudumu yapi?"

"Ya nyuma."

"Na lililopata moto ni lipi?"

"La mbele."

"Basi hapo mama anaingiaje?"

Sikuwa na jibu. Nimewahi kuaibishwa na wakubwa wangu kazini, lakini hakuna aliyewahi kuninyamazisha kwa maswali mawili mafupi kama yale.

Akaanza kazi. Alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akalipandisha gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya kigogo kizito, kwani alisema jeki ni ya kupandishia, si ya kuaminiwa. Aliizungusha gurudumu ya kulia kwa mkono, ikazunguka bila taabu. Ya kushoto haikusogea hata kidogo.

"Sasa sikiliza," alisema. "Usinunue kitu chochote kabla ya kujua mafuta yamefungwa wapi."

Ndugu wanafunzi, hapa naomba niwape somo ambalo mzee yule alinipa bila ubao. Breki za gari hutumia kanuni ya yule Mfaransa wa karne ya 17, Blaise Pascal: ukisukuma kimiminika kilichofungiwa mahali, shinikizo lake husambaa sawasawa kila upande. Mguu husukuma pedali, pedali husukuma pistoni ndani ya masta silinda iliyo chini ya boneti, nayo mafuta hupita katika paipu za chuma hadi kwenye magurudumu. Lakini gurudumu la mbele hupinda kona na kuruka mashimo, kwa hivyo paipu ya chuma haiwezi kulifikia bila kuvunjika. Kipande cha mwisho huwa ni mpira. Mafuta hufika kwenye koleo, pistoni ikatoka, pedi zikaibana diski. Ukiinua mguu, shinikizo hupungua na pedi hulegea. Zisipolegea, kuna njia tatu za kueleza: ama koleo lenyewe limekwama kwa kutu, au masta silinda haiyaruhusu mafuta yarudi, au kuna kizuizi njiani kati ya hizo mbili.

Mzee alianza juu. Alifunika kwa kitambaa mahali paipu ya chuma inapoungana na mpira, akalegeza nati kidogo kwa spana. Mafuta matone machache yakatoka. Alilijaribu gurudumu, likabaki limekaza vile vile.

"Masta silinda haina kosa," alisema. "Ingekuwa ndiyo inayozuia, gurudumu lingeachia sasa hivi. Tena isingekamata gurudumu moja peke yake."

Alikaza nati, akashuka hadi kwenye koleo. Nyuma yake kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Aliilegeza robo mzunguko. Mafuta yaliruka kwa nguvu ndani ya kitambaa. Akalisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka.

"Koleo nalo halina kosa. Limeachia mara tu mafuta yalipopata njia. Kati ya nati ya juu na skrubu ya chini kuna nini?"

"Mpira," nilijibu, kama mtoto wa darasa la pili.

Aliufungua mpira ule. Kwa nje ulikuwa na mipasuko midogo tu, ambayo mimi nisingeijali. Alijaribu kupitisha waya mwembamba ndani yake, ukakwama. Akaupasua kwa kisu kwa urefu. Ndani ulikuwa umevimba, na utando mmoja umebanduka na kuning'inia kama mlango. Mguu unapokanyaga, nguvu yake huusukuma mlango huo na mafuta hupita. Mguu unapoinuka, mafuta hayana nguvu ya kurudi ila kwa kupenya kidogo kidogo, na mlango hujifunga. Ndiyo maana gari lilikuwa likipona lenyewe baada ya kukaa.

"Pedi zilibadilishwa lini?" aliuliza. "Ulikuwepo?"

Nilikumbuka kreti ya soda, gazeti, na lile koleo lililoning'inia kama mbuzi.

"Siwezi kuapa," alisema nilipomweleza. "Mpira huu ulikuwa umezeeka tayari. Lakini mpira mzee ukiubebesha uzito wa koleo hupasuka ndani wakati nje unaonekana mzima. Koleo hufungwa kwa waya kwenye springi. Halining'inizwi kamwe."

Wakati huo mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa ametoka kuangalia ni kwa nini sijamfuata, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine nywele zimesimama wima. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Mzee alimgeukia yeye, si mimi.

"Mama, siku ile pedali ilizama?"

"Ilizama hadi chini."

"Joto lilichemsha mafuta kwenye koleo. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ukikanyaga unabonyeza hewa tu." Alinyamaza kidogo. "Hendibreki ya gari hili huvutwa kwa waya, haitegemei mafuta. Nani alikufundisha kurudisha gia kwanza, kisha kuivuta polepole?"

"Mwalimu wangu wa udereva."

"Alikufundisha vizuri. Wengine wangeivuta kwa ghafla, gari likateleza na kugeuka. Uliwaokoa watoto."

Mke wangu hakusema lolote. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na gazeti langu la Desemba.

Nilitumwa dukani kununua mipira miwili mipya, ya kushoto na ya kulia, kwani mzee alisema iliyozaliwa pamoja huzeeka pamoja. Nilinunua pia mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3. Ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Mipira miwili, mafuta na kazi ya mzee viligharimu shilingi 1,550 kwa jumla. Nilikuwa nimetumia karibu mara mbili ya hizo kununua koleo ambalo halikuhitajika.

Mipira ilipofungwa ilibaki kutoa hewa. Kazi hiyo huhitaji watu wawili, mmoja chini kwenye skrubu na mwingine kwenye pedali. Nilikuwa nimekwisha kushika mlango wa dereva mzee aliposema, "Wewe angalia mafuta kwenye kichupa yasiishe. Mama, ingia unikanyagie."

Aliingia na nywele zake za nusu kwa nusu. Wasusi wawili waliokuwa wamemfuata walisimama wakicheka.

"Kanyaga. Shikilia. Usiachie mpaka niseme." Mafuta yalitoka na mapovu. Mzee akakaza skrubu. "Achia. Tena. Kanyaga. Shikilia."

Hakukosea hata mara moja, na hilo si jambo dogo, maana ukiinua mguu kabla skrubu haijakazwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. Nilisimama mbele ya boneti iliyo wazi nikiongeza mafuta kwenye kichupa, nikimsikia mke wangu na mzee wakifanya kazi kwa neno moja moja. Kwa mara ya kwanza tangu nilinunue gari lile, mimi ndiye niliyekuwa mtumishi.

Alirudi kumaliziwa nywele. Nilingoja hadi jioni. Alipotoka nilimpa funguo. Alizitazama kwa muda kabla ya kuzichukua. Aliendesha, na gari halikuvuta popote. Tulipofika aliinama yeye mwenyewe akapitisha kiganja karibu na gurudumu, kama alivyomwona mzee akifanya, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Usiku ule niliwaita watoto, kwa sababu nilimtukana mama yao mbele yao na haikuwa haki kuomba radhi gizani. Niliwaambia kwamba baba alikosea, kwamba mama hakuliharibu gari, na kwamba siku ile ya Bulbul yeye ndiye aliyewafikisha salama. Kitindamimba, aliyekuwa na miaka sita, akasema, "Sisi tulijua. Tulimwona akiivuta." Watoto walikuwa mashahidi wa kesi yote, na mimi hakimu sikuwahi kuwauliza hata swali moja.

Msomaji mpendwa, huenda una gari lenye dalili kama hizi: linavuta upande mmoja, linakula petroli, haliserereki ukiachia klachi, au lina harufu ya kuungua baada ya safari fupi. Usiendelee kuliendesha eti litapona. Simama mahali salama, uliache lipoe, na usiguse diski kwa mkono. Ukimpelekea fundi, mwombe akuonyeshe kwanza mafuta yamefungwa wapi kabla hajakutuma dukani. Anayeanza na orodha ya spea kabla ya kupandisha gurudumu anabahatisha kwa fedha zako. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi. Na siku ya kubadilisha pedi, weka gazeti chini ukaangalie koleo limefungwa wapi.

Gari lile tuliliuza zamani. Mke wangu amestaafu kufundisha, na hadi leo ndiye anayeendesha tukienda Ngong. Gari likipata hitilafu hatuulizani tena nani aliliendesha mwisho. Tunaulizana ni gurudumu lipi.